Stempu ya Pauni Kumi na Bahasha Zilizoloweshwa: Kisa cha Urithi Mmoja Nairobi

Kisa hiki kinahusu familia moja ya Nairobi iliyoachiwa mkusanyiko wa stempu na baba yao. Majina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa. Niliitwa baada ya mambo kadhaa kuwa yameshatendeka, kwa kuwa mimi pia ni mkusanyaji wa stempu za Afrika Mashariki. Nakiandika kwa ajili ya yeyote atakayefungua sanduku la marehemu na kukuta albamu ndani yake, na kwa mkusanyaji ambaye bado yu hai na hajawaambia watoto wake alichonacho.

Usuli

Marehemu, nitakayemwita Mzee, aliajiriwa posta akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1940, kazi yake ikiwa kupanga barua. Wakati huo posta ilikuwa moja kwa nchi tatu. Tangu 1935 stempu zilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na hata baada ya uhuru, Kenya ilipotoa stempu zake za kwanza za taifa huru tarehe 12 Desemba 1963, stempu za pamoja ziliendelea kutolewa hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokaribia kuvunjika mwaka 1977. Kwa hiyo karibu maisha yote ya kazi ya Mzee yalipita mbele ya stempu zilizosafiri kutoka Mombasa hadi Kigoma bila kujali mpaka.

Wapo wanaodhani kukusanya stempu ni mambo ya wazungu na Wahindi. Si kweli, na anayebisha apite jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, sanaa na stempu kwa mapenzi makubwa, na sehemu ya alivyokusanya iko humo. Mzee hakuwa na fedha za Murumbi. Alichokuwa nacho ni jicho, subira na kazi iliyomweka karibu na karatasi.

Vitu alivyoacha vilikuwa vya aina tatu. Kwanza, albamu za stempu, zilizopangwa kwa utaratibu ambao mtu asiyejua angeuona kama kurudiarudia. Ukurasa mmoja ulikuwa na stempu ileile ya Mfalme George VI mara tano, rangi moja, picha moja. Kwa nini mara tano? Kwa sababu ya meno, yaani vichongo vya ukingoni mwa stempu. Mfululizo wa stempu za Mfalme huyo kwa Kenya, Uganda na Tanganyika ulianza 1938 na kuendelea hadi 1954, na katika miaka hiyo mashine za kutoboa vitobo pembeni zilibadilishwa zaidi ya mara moja. Kiwanda cha De La Rue, London, kilichozichapa, kilipigwa na mabomu ya Wajerumani mwishoni mwa 1940. Ndiyo maana stempu mbili zinazofanana kabisa machoni zinaweza kutofautiana ukihesabu meno yaliyomo katika sentimita mbili, na moja ikawa ya kawaida huku nyingine ikitafutwa na watu dunia nzima. Mzee alizipima zote. Chini ya kila moja aliandika kipimo kwa penseli.

Vivyo hivyo kwa stempu yenye picha ya jahazi la Ziwa Victoria, ambalo katika baadhi ya chapa kamba yake imeungana na tanga na katika nyingine haikuungana. Na kwa stempu za kombe za baharini za Kenya huru zilizotoka 1971: ile ya senti 50 iliandikwa kwanza Janthina globosa, baadaye ikasahihishwa kuwa Janthina janthina, ile ya senti 70 ilikosewa herufi moja, Nautilus pompileus, kisha ikarekebishwa kuwa pompilius. Mzee alikuwa na zote nne, za kabla na za baada ya masahihisho, zimekaa bega kwa bega. Sijui kama naweza kumweleza asiyekusanya raha ya kuona herufi moja hiyo. Ni raha ya kugundua kwamba mahali fulani, ofisini, kuna mtu aliyeona kosa, akaandika barua, na taifa zima likabadilisha chapa.

Aina ya pili ilikuwa masanduku ya viatu yaliyojaa bahasha nzima, mamia, ambazo Mzee aliziomba kwa wenyewe baada ya barua kusomwa: majirani, makarani, walimu, duka la vitabu. Nyingi zilikuwa na stempu za bei ndogo sana. Aina ya tatu ilikuwa daftari moja la shule, la mistari, lenye namba na maneno mafupi kwa Kiswahili cha penseli.

Yaliyotokea

Wiki chache baada ya mazishi, mwana wa kwanza alifungua kabati. Ndani ya albamu ya mwisho alikuta kibahasha kidogo cha karatasi ng'avu kikiwa na stempu moja tu: Kenya na Uganda, uso wa Mfalme George V, thamani pauni 10, na muhuri wa Nairobi juu yake. Aliipiga picha, akatafuta intaneti, akakuta bei ambazo hakuziamini. Picha ikaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Jioni hiyohiyo watu walikuwa wameshaanza kugawana shamba ambalo halijanunuliwa.

Kutoka kikundini picha ilifika kwa mnunuzi wa vitu vya kale anayezunguka mjini. Akaja nyumbani, akapekua albamu upesiupesi, akaweka mezani shilingi laki moja na nusu taslimu kwa kila kitu: albamu, masanduku, hata daftari. Alisisitiza iwe leo. Mama mwenye nyumba, mjane, alisema hapana. Sababu yake aliyonieleza baadaye ilikuwa fupi: "Mtu akija na haraka kwangu, haraka hiyo ni yake. Mimi sina."

Wakati huohuo mjukuu wa kiume, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani, alipewa kazi ya "kusafisha" yale masanduku. Alikuwa amesoma mahali kwamba stempu hutolewa kwenye bahasha kwa kuloweka katika maji vuguvugu, na ni kweli, wakusanyaji wengi tulianza hivyo utotoni. Akaleta beseni. Akaloweka, akabandua, akaanika stempu juu ya magazeti, na bahasha zilizobaki akazichoma pamoja na takataka za uani. Karibu bahasha mia mbili zilikwisha kabla shangazi yake, binti wa pili wa Mzee, hajatembelea nyumbani na kumkuta.

Binti huyo ndiye aliyenipigia simu. Hakujua chochote kuhusu stempu. Alikumbuka tu kwamba baba yake hakuwahi kuchana bahasha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu. Hakuna kuloweka, hakuna kubandua stempu zilizonata, hakuna kupaka wala kusugua. Tulikuwa katika mvua za masika, na hewa ya unyevu hufanya gundi ya stempu ambazo hazijatumika ishike ukurasa. Anayejaribu kuibandua kwa kucha huacha nusu ya thamani kwenye karatasi. Albamu zilisimamishwa wima kabatini, mbali na ukuta wa nje, na kila mtu akaagizwa kutumia kibano badala ya vidole.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuandika orodha kabla ya kutaja bei. Mwana wa kwanza alipinga. Alitaka kujua kwanza pauni 10 ni shilingi ngapi za leo. Nilimwelewa, ada za shule zilikuwa zimemkaba. Lakini orodha ilikuwa ya lazima pia kisheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi, na stempu ni mali kama ng'ombe au gari. Kama mjane angepokea zile laki moja na nusu, wangekuwa wamevunja sheria bila kujua, na yeyote katika ndugu angeweza kuwashtaki. Wakili wa familia alithibitisha hivyo, na hapo mabishano yakapungua.

Uamuzi wa tatu ulihusu stempu ya pauni 10 yenyewe. Hapa inabidi nieleze kidogo. Stempu za Kenya na Uganda zilizoanza kutoka 1922 zilifika hadi thamani ya pauni 100. Nani angetuma barua ya pauni 100? Hakuna. Stempu hizo zilitumika kwa posta na kwa ushuru wa serikali pia, na zile za thamani kubwa zilibandikwa hasa kwenye hati: mauzo ya ardhi, mikataba, na kadhalika. Zilifutwa kwa kalamu ya wino au kwa mhuri wa ofisi. Iliyotumika kwa ushuru ina bei ya chini sana; ambayo haijatumika, au iliyopita posta kweli, ina bei ya juu mno. Pengo hilo limewashawishi walaghai kwa vizazi vingi. Huosha wino wa kalamu kwa dawa, kisha hupaka gundi mpya nyuma ya stempu au hugonga muhuri wa posta wa uongo juu yake.

Kwa hiyo nilishauri tuiangalie chini ya taa ya urujuanimno (ultraviolet) kabla ya kutumia hata shilingi moja kuipeleka kwa wataalamu wa London. Chini ya taa hiyo sehemu ya katikati ilionekana tofauti na pembeni, na mkwaruzo wa sahihi ya mtu ukatokea, dhaifu lakini dhahiri, ukipita chini ya uso wa Mfalme. Kwa lenzi, wino wa muhuri wa Nairobi ulikuwa umesambaa ndani ya nyuzi za karatasi, kama unavyofanya karatasi ikishapoteza ugumu wake kwa kuoshwa. Stempu ilikuwa ya kweli, muhuri ulikuwa wa uongo.

Mwana wa kwanza hakuamini. Alidai nataka kuwashusha bei ili niinunue mimi. Sikumlaumu. Nilimwambia sitanunua kitu chochote cha nyumba ile, na nimelishika neno hilo.

Aliyemaliza ubishi ni mjukuu wa kike, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa ameketi pembeni na lile daftari. Aliona kwamba kwenye kona ya kibahasha ng'avu palikuwa na namba ndogo ya penseli. Akatafuta namba hiyo daftarini. Mzee alikuwa ameandika: "Pauni 10. Imeoshwa. Nimenunua kwa kujua, ya kufundishia vijana."

Baada ya hapo kila mtu alitaka kushika daftari.

Uamuzi wa nne ulitokana na daftari hilo. Namba zote zililingana na namba za penseli nyuma ya bahasha, na maelezo yalionyesha Mzee alikuwa anakusanya nini hasa. Alikuwa anakusanya mihuri na njia za barua, zaidi ya stempu. Bahasha za Thomson's Falls kabla haijaitwa Nyahururu. Fort Hall kabla ya Murang'a, Broderick Falls kabla ya Webuye. Mihuri ya posta ya ndani ya treni. Bahasha iliyopelekwa ofisi isiyo yake na kurudishwa, ikiwa na mihuri mitatu nyuma, kila mmoja na tarehe yake. Na pembeni mwa baadhi ya namba: "reli imekatwa na maji", "ofisi imefungwa mwaka huu", "karani mpya, mhuri kinyume". Familia ikaamua bahasha zote zilizobaki, zaidi ya mia tatu, zisiguswe hadi kila moja isomwe sambamba na daftari. Kazi hiyo waliifanya wenyewe, mezani, Jumapili baada ya Jumapili. Mimi nilifika kujibu maswali tu.

Katika kusoma huko walikuta barua mbili kutoka kambi ya kizuizini ya Manyani, zilizotumwa wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni ya miaka ya 1950 na mdogo wake Mzee aliyekuwa amezuiliwa huko, zikiwa na alama ya mkaguzi. Watoto hawakuwahi kujua kwamba ami yao alizuiliwa. Mama alijua. Hakuwa amelisema.

Matokeo

Stempu ya pauni 10 haikuuzwa. Iko katika kibahasha chake, na mjukuu wa kike ameongeza karatasi inayoeleza kwa nini si ya thamani, ili asije mtu akaiuza kama nzuri baada ya yeye kuondoka.

Hati ya usimamizi ilipotolewa, sehemu ya mkusanyiko iliuzwa kwa njia mbili. Kurasa za Mfalme George VI, zenye vipimo vya meno, zilinunuliwa na mkusanyaji wa hapa Nairobi aliyeridhika na usahihi wa penseli ya Mzee baada ya kupima upya stempu chache. Bahasha teule za mihuri ya reli na za ofisi ndogo zilipelekwa kwenye mnada wa nje zikiwa kundi moja pamoja na nakala ya kurasa husika za daftari. Kiasi kilichopatikana kwa jumla kiliizidi mara kadhaa ile laki moja na nusu. Hakikununua shamba. Kililipa ada, kikajenga kaburi, na kilichobaki kikagawanywa.

Zile stempu zilizobanduliwa kwenye bahasha mia mbili zilikuwa karibu zote za kawaida kabisa. Nilizihesabu kwa kilo moyoni, kwa maana ndivyo zinavyouzwa.

Barua za Manyani hazikuuzwa.

Uchambuzi

Kilichookoa mali hii kwanza ni mjane kukataa fedha za haraka. Hakuwa na ujuzi wa stempu, alikuwa na ujuzi wa watu. Mnunuzi aliyetaka daftari pamoja na albamu alijua thamani ya daftari. Ningekuwa mwanafamilia, ombi hilo peke yake lingenifanya nilifungie sandukuni. Pale mtu anapotaka makaratasi ambayo wewe unayaona takataka, kaa nayo kwanza.

Kilichoharibu ni beseni, na sitaki kijana yule abebe lawama peke yake. Alitumwa. Neno alilotumwa nalo lilikuwa "safisha", na alifanya alichofundishwa na kitabu cha watoto. Tatizo liko kwenye wazo ambalo familia nzima ilikuwa nalo, kwamba thamani iko kwenye kile kipande kidogo chenye picha na bahasha ni uchafu uliokishikilia. Kwa stempu za kawaida za karne ya 20, hali mara nyingi ni kinyume. Stempu ya senti 20 ilichapwa kwa mamilioni. Lakini stempu hiyo juu ya bahasha iliyopita ofisi fulani ndogo, tarehe fulani, kwa njia fulani, inaweza kuwa pekee iliyobaki. Ukiibandua umeirudisha kwenye mamilioni. Hata ile Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, si adimu kama watu wanavyodhani, maana zilichapwa karibu milioni 68. Umri hauleti uadimu. Uadimu huletwa na uchache wa kitu na idadi ya wanaokihitaji, na wanaohitaji bahasha za posta ya treni ya Uganda Railway ni watu wachache wenye njaa kubwa.

Watu wanaposikia uadimu hukumbuka ile stempu ya senti moja ya British Guiana ya 1856, iliyouzwa New York mwaka 2014 kwa karibu dola milioni tisa na nusu. Habari za aina hiyo ndizo zilizompofusha mwana wa kwanza, na zimewapofusha wengi. Stempu ile iko moja. Bei zinazoonekana intaneti chini ya picha ya stempu ya Kenya na Uganda ya thamani kubwa ni za stempu safi yenye gundi yake ya asili na cheti cha wataalamu, na nyingi ni bei anazoomba muuzaji, wala si bei zilizolipwa. Kulinganisha picha ya simu na bei ya namna hiyo ni kujitafutia maumivu, na kwa familia yenye msiba ni kujitafutia ugomvi.

Taa ya urujuanimno ilikuwa hatua sahihi kabla ya cheti cha London. Cheti kina gharama, kuna usafirishaji na bima, na jibu lingekuwa lilelile. Lakini taa nayo ina mipaka: huonyesha kilichooshwa vibaya; kilichooshwa kwa ustadi kinaweza kupita. Kama taa isingeonyesha kitu, ningeshauri cheti kabla ya kuuza, bila kujali gharama.

Sasa daftari. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza, juu ya albamu, na lilisomwa la mwisho. Lingesomwa la kwanza, pasingekuwa na ndoto ya shamba, wala beseni, wala tuhuma dhidi yangu. Hapa naona kasoro ya Mzee pia, nasema kwa heshima. Aliandika kwa uangalifu mkubwa, akapima, akataja kila aliyempa bahasha, lakini hakumwambia mtu yeyote nyumbani namba zile ni za nini. Alisema stempu ile ni "ya kufundishia vijana" na vijana hawakufundishwa. Wakusanyaji wengi ninaowajua Nairobi wako hivyo. Wanafunga mlango wakipanga albamu, kwa kuogopa kuchekwa au kwa kuogopa vidole vya watoto. Ukurasa mmoja wa kwanza ungetosha: hiki ni nini, kisiguswe vipi, aulizwe nani.

Jambo ambalo bado tunabishana ni barua za Manyani. Mwana wa kwanza anasema ziuzwe, zina wanunuzi. Binti wa pili anataka zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka za Taifa zikae na nyingine za wakati ule. Mama anasema mwandishi wa barua ana watoto wake, na wao ndio wa kuulizwa. Nakubaliana na mama. Binamu hao wako Laikipia. Wamealikwa waje Desemba, na mjukuu wa kike ameshanakili barua zote mbili pamoja na mistari ya daftari inayozihusu, ili watakapokuja wakute kila kitu mezani.